Biskuti, uji, tunda au kiazi: mtoto wa kituoni ale nini saa nne?

Kwenye orodha ya vitu ambavyo mzazi anatakiwa kumfungia mtoto anapoanza kituo cha kulelea watoto, baada ya nguo za kubadilisha, pampasi na kandambili, huwa kuna mstari mmoja mfupi: kitafunwa cha saa nne. Haujielezi zaidi ya hapo. Mama anayetoka Chanika kukiwa bado giza ili awahi Kariakoo anasimama dukani kwa Mangi, ananunua paketi ya biskuti, anaitia kwenye begi la mtoto na safari inaendelea. Upande wa pili, mwenye kituo ana watoto ishirini, walezi wawili na jiko moja la gesi, naye anapiga hesabu ileile: anunue katoni ya biskuti au apike?

Kwenye makundi ya wazazi jambo hili huzua ubishi mkali. Wapo wanaosema biskuti ni sumu, na wapo wanaojibu kwamba wao wamekulia biskuti na hawajambo. Kauli zote mbili hazimsaidii mtu anayetakiwa kuamua leo usiku kesho anafunga nini. Hapa naweka vyakula vinne vinavyopatikana kirahisi mitaani kwetu: biskuti, uji, matunda, na vya kuchemsha kama kiazi kitamu, muhogo na yai. Maandazi na vitumbua nitavihesabu upande wa biskuti, maana navyo ni unga, sukari na mafuta, ingawa ukipika mwenyewe unaweza kupunguza sukari. Soda, juisi za paketi na chipsi za mfukoni sizigusi. Kwa mtoto wa umri huu sioni sababu ya kuviweka kwenye mizani.

Nazungumzia zaidi watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Wa chini ya mwaka mmoja nitawarudia mwishoni, kwa sababu kwao mambo ni tofauti.

Tunapima kwa vigezo gani

Mtoto wa miaka miwili ana tumbo dogo. Anachokula asubuhi hakiwezi kumfikisha mchana kama mtu mzima. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 9 hadi 23 apate milo mitatu hadi minne kwa siku, na katikati yake kitafunwa mara moja au mbili kadiri anavyohitaji. Mtoto anayefika kituoni alfajiri na kuchukuliwa jioni, kitafunwa chake ni sehemu kamili ya chakula cha siku. Na hatuna nafasi ya kuchezea: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu wana upungufu wa damu.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni vitano. Kwanza, kuna chakula gani ndani yake. Pili, sukari na meno. Tatu, usalama: koo, usafi, ukungu na mzio (aleji). Nne, kazi na gharama, yaani nani atapika, kwa maji yapi, kwa pesa ngapi. Tano, tabia ambayo kitafunwa hicho kinaijenga kwa mtoto na kwa kundi zima.

Kuna nini ndani yake

Biskuti za kawaida, zile za glukozi au za maziwa zisizo na krimu, ni unga wa ngano, sukari na mafuta. Nishati zinayo, tena nyingi: gramu 100 hutoa kama kalori 450. Paketi ya gramu 50 inampa mtoto kalori zaidi ya mia mbili, karibu sawa na ndizi mbivu mbili za wastani. Protini yake ni kama gramu tatu, nusu ya iliyomo kwenye yai moja. Unga wa ngano wa viwandani nchini unatakiwa kuongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa hiyo si haki kusema biskuti ni tupu kabisa. Ila maandishi makubwa ya vitamini na kalsiamu mbele ya paketi hayapunguzi sukari iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma yake. Zipo pia biskuti maalumu ambazo Mpango wa Chakula Duniani hugawa kwa wakimbizi na waliokumbwa na maafa, zenye protini ya gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100. Hizo ni kitu kingine na hazifanani na za dukani.

Uji unamtegemea sana mpishi. Kikombe cha mililita 200 kilichopikwa kwa vijiko viwili vya chakula vya unga, kama gramu 20, kina kalori sabini hivi. Mtoto anaunywa wote, tumbo linajaa, na baada ya saa moja ana njaa tena. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga na kikombe hichohicho kinapita mara mbili ya nishati ya mwanzo, pamoja na protini na mafuta anayoyahitaji. Maziwa badala ya sehemu ya maji nayo hubadilisha uji kabisa. Kwa kituo chenye bajeti finyu ipo njia ya kimea: ulezi au mtama uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja kwenye uji mzito uliopoa kidogo kinaulegeza bila kuongeza maji, kwa hiyo unaweza kuweka unga mwingi zaidi na mtoto bado akaweza kuunywa. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena.

Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka saba au kumi, mimi sishawishiwi na wingi wa majina. Mahindi, mchele, mtama na ngano vyote ni wanga. Kuvirundika pamoja hakuongezi kitu kikubwa, na mtoto akipata mzio hutajua kilichomdhuru ni kipi. Nafaka moja au mbili na aina moja ya karanga au soya vinatosha. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana ikiwa mbichi huzuia mwili kutumia protini.

Matunda mengi hayana nishati kubwa, isipokuwa ndizi na parachichi. Nguvu yake iko kwingine. Papai na embe lililoiva hutoa vitamini A. Chungwa na pera hutoa vitamini C, ambayo ikiliwa pamoja na maharage au mchicha humsaidia mtoto kupata madini ya chuma yaliyomo. Chai ya rangi hufanya kinyume, inazuia madini hayo. Kwa hiyo ile desturi ya chai ya rangi na biskuti ndiyo mchanganyiko ambao ningeanza kuuondoa kwenye ratiba ya kituo chochote, hata kama biskuti zenyewe zitabaki.

Vya kuchemsha havilingani. Muhogo unashibisha lakini ni wanga karibu mtupu. Kiazi kitamu cheupe ni bora kidogo. Viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani, viko daraja jingine: gramu 125 tu, kiazi kimoja cha ukubwa wa wastani, hutosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku nzima. Na yai ni yai. Nusu yai pembeni ya kipande cha kiazi ni kitafunwa ambacho kwa lishe sijaona cha kukizidi kwa urahisi.

Sukari na meno

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa bora ikashuka chini ya asilimia 5. Tuifanyie hesabu kwa mtoto wa miaka mitatu anayehitaji kama kalori 1,200. Asilimia 5 ni kalori 60, sawa na gramu 15 za sukari, yaani chini kidogo ya vijiko vinne vya chai. Sasa geuza paketi ya biskuti usome upande wa nyuma. Ikiwa imeandikwa gramu 24 za sukari kwa kila gramu 100, na paketi ina gramu 50, basi mtoto anakula gramu 12, vijiko vitatu. Hajanywa chai ya jioni bado. Zenye krimu katikati mara nyingi huzidi hapo.

Lakini wapenzi wa uji nao wafanye hesabu. Robo kilo ya sukari kwenye sufuria ya lita tano ni vikombe 25 vyenye gramu 10 kila kimoja, vijiko viwili na nusu. Hapo hujaikimbia biskuti, umeibadilisha sura. Na robo kilo hupita bila mtu kushtuka, kwa sababu anayeonja ni mlezi, na ulimi wake umezoea chai yenye sukari ya kutosha. Uji wa watoto uonjwe na mtu aliyeamua mapema kiasi cha sukari, akakipima kwa kijiko, akafunga kopo. Watoto waliozoea utamu hulalamika kidogo mwanzoni, kisha huzoea. Ndizi mbivu iliyopondwa ndani ya uji hutuliza malalamiko hayo vizuri.

Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi kwenye kikomo hicho. Ya juisi inahesabiwa, hata ikiwa umekamua mwenyewe jikoni. Kwa hiyo chungwa la kula ni jambo moja na glasi ya juisi ya machungwa ni jambo jingine.

Kwenye meno, biskuti ina ubaya wake maalumu. Chukua mtoto aliyemaliza biskuti nusu saa iliyopita, mwambie afungue mdomo, angalia magego ya chini. Kwenye vile vishimo utaona unga mweupe uliolowa na kuganda, umekaa pale. Bakteria wa mdomoni wanautumia kutengeneza asidi inayokula meno, na kama mtoto analazwa mchana bila kunywa maji, mate yanapungua na unga ule unabaki kazini usingizini. Kinachoumiza zaidi ni idadi ya mara kuliko wingi. Mtoto anayemumunya biskuti mojamoja tangu saa nne hadi saa sita anayaharibu meno yake kuliko aliyekula zote kwa dakika tano akanywa maji. Ndizi mbivu na viazi navyo hunata kidogo, kwa hiyo maji baada ya kitafunwa ni ya wote.

Usalama

Hapa ndipo biskuti inaporudisha heshima yake, na wanaoipinga hupenda kuiruka sehemu hii.

Tuanze na koo. Biskuti ya kawaida hulainika mdomoni. Hatari yake ni mtoto kukimbia akiwa amejaza mdomo. Matunda na vya kuchemsha vinahitaji jicho zaidi. Zabibu nzima, vipande vigumu vya tufaha na karoti mbichi, mbegu za chungwa na za tikiti, vyote vimewahi kupalia watoto mahali pengi duniani. Zabibu ikatwe kwa urefu mara nne, tufaha likwanguliwe, embe likatwe vipande vyembamba kwa sababu vinene huteleza. Kiini cha yai kikavu hukwama, kwa hiyo kipondwe na maji yawe karibu. Karanga nzima, korosho, bisi na pipi ngumu mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe kabisa. Karanga ziingie kwenye uji zikiwa zimesagwa laini. Na kanuni moja inayopita zote: watoto wale wakiwa wamekaa, mlezi akiwaangalia.

Usafi. Paketi iliyofungwa kiwandani haihitaji maji, kisu wala mikono ya mtu. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa nchini, papai lililokatwa likakaa kwenye sinia lilikuwa hatari ya kweli, na kituo kilichokosa maji safi siku hizo kilikuwa sahihi kabisa kurudi kwenye biskuti. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Hili linamgusa sana mzazi. Kiazi na yai vilivyochemshwa saa kumi na moja alfajiri, vikafungwa kwenye kontena la plastiki vikiwa na mvuke, vikasafiri kwenye daladala na kuliwa saa nne, vimekaa saa tano kwenye joto la Dar. Nia ni njema na lishe ni nzuri, lakini tumbo la mtoto linaweza kulipa. Kinachochemshwa kichemshwe kituoni. Kutoka nyumbani, ndizi isiyomenywa husafiri salama kuliko vyote. Imefungwa na Mungu mwenyewe.

Uji ukitunzwa kwenye chupa ya chai ukiwa moto kweli unakaa salama. Ukiwa vuguvugu ndiyo balaa. Lakini uji una hatari yake nyingine inayosahaulika, nayo ni kuungua. Sufuria la uji kwenye jiko la chini, watoto wa miaka miwili wakizunguka, ni jambo ambalo kituo kisichokuwa na jiko lenye mlango hakitakiwi kulijaribu.

Sumukuvu. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Unga wa uji wa watoto ndio unaobeba mahindi na karanga pamoja, kila siku, kwa mwili mdogo. Nunua unga wenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), au chambua mwenyewe: karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au chungu itupwe, usiipe hata kuku. Muhogo nao uwe wa aina tamu, umenywe na kuiva vizuri; michungu ina sumu yake.

Mzio ni mfupi kuueleza: biskuti mara nyingi zina ngano na maziwa, na baadhi hutengenezwa kwenye mitambo inayogusa karanga. Yai na karanga zenyewe ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kwa mzio. Muulize mzazi siku ya kwanza, uandike.

Kazi na gharama

Biskuti haina mpinzani kwa kazi. Unafungua, unahesabu, unagawa, unafagia. Haziozi, na gharama unaijua tangu mwanzo wa mwezi.

Uji ni rahisi kwa fedha lakini una vikombe ishirini vya kuosha, kwa maji ambayo sehemu nyingi za mji hununuliwa kwa ndoo. Vya kuchemsha havina vyombo vingi: sufuria moja, sinia moja, na mlezi anaweza kuviweka jikoni akaendelea na watoto. Mayai ndiyo yanayopandisha bili, na ndiyo maana wengi hutoa mara mbili kwa wiki, nusu kwa kila mtoto.

Matunda yanakwenda na msimu. Maembe yanapojaa sokoni kuanzia Novemba, au machungwa ya Muheza yanaposhuka katikati ya mwaka, huwezi kupata kitafunwa cha bei nafuu kuliko hicho. Nje ya msimu, ndizi na papai hubaki kuwa tegemeo. Gharama yake iliyofichika ni muda wa kuosha na kukata, na hasara ya yale yaliyonunuliwa Jumatatu yakaoza kabla ya Jumatano.

Ukilinganisha, linganisha kwa mtoto mmoja kwa siku, usilinganishe paketi na mkungu. Vituo vingi vikifanya hesabu hiyo vizuri hugundua kwamba biskuti si rahisi kwa fedha kama vilivyodhani. Kinachookolewa ni mikono.

Tabia inayojengeka

Kigezo hiki ndicho ninachokipa uzito mkubwa, na ndicho kinachoongelewa kidogo.

Kila mzazi anapofunga cha kwake, saa nne inageuka maonyesho. Mmoja anatoa biskuti za krimu zenye picha, mwingine anatoa muhogo kwenye mfuko wa nailoni. Watoto wa miaka minne tayari wanajua kusoma tofauti hiyo. Utamwona aliyeletewa muhogo akila huku ameinamia begi lake, au akisema hana njaa, wakati macho yake yako kwa jirani. Muhogo wake haukuwa na kosa lolote. Mlezi naye anabaki akigawanya biskuti za watu ili amani irudi, na jioni mzazi anauliza kwa nini mwanae alikula biskuti mbili tu. Kituo kinachotoa kitafunwa kimoja kwa wote, kiwe uji, kiwe ndizi, hata kiwe biskuti, kinawaondolea watoto mzigo huo. Kwa maoni yangu hili lina maana kuliko tofauti ya kalori kati ya chakula kimoja na kingine.

Jambo la pili ni biskuti kama dawa ya kilio. Asubuhi mama anaondoka, mtoto analia, mlezi mwenye watoto wengine tisa wanaomvuta gauni anatoa biskuti. Mtoto ananyamaza. Namwelewa mlezi huyo na simlaumu, kazi yake ni nzito na malipo ni madogo. Ila mtoto anajifunza haraka kwamba huzuni inaondolewa na kitu kitamu, na wiki ya pili atalia ili apewe. Hakuna anayemtuliza mtoto kwa bakuli la uji. Biskuti inaingia kwenye nafasi hiyo kwa sababu ni tamu, kavu na iko mfukoni. Kumbeba, kumpeleka dirishani, kumpa kanga ya mama yake aishike huchukua muda mrefu zaidi, lakini hakumfundishi jambo ambalo utalazimika kulifuta baadaye.

La tatu ni chakula cha mchana. Biskuti saa tano na nusu, na wali na maharage wa saa saba unarudi jikoni. Tunda lililoliwa saa hiyo halizuii sana hamu. Uji mzito unazuia. Kitafunwa chochote kitangulie mlo kwa saa mbili angalau.

Ukiwa katika hali ipi, uanzie wapi

*Kituo hakina jiko, au maji hayaaminiki.* Ndizi zisizomenywa ziwe za kila siku, na biskuti zisizo na krimu ziwe za akiba kwenye kopo lenye mfuniko. Toa idadi ileile kwa kila mtoto, mbili au tatu badala ya paketi nzima, kwa saa maalumu, na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Hapa biskuti inakufaa kweli, usione aibu.

*Kituo kina jiko na mtu wa kupika.* Changanya wiki: uji wenye karanga au maziwa siku mbili, viazi lishe na yai siku mbili, tunda la msimu siku ya tano. Ratiba ibandikwe ukutani wazazi waione, na wazazi wachangie fedha badala ya kufunga vitafunwa.

*Mzazi, na kituo kinataka ufunge mwenyewe.* Ndizi, au chungwa ambalo mlezi atalimenya na kulitoa mbegu. Ukifunga biskuti, soma nyuma ya paketi, chagua yenye sukari ndogo, na fungasha chache kwenye kikopo badala ya kumwachia paketi. Ukifunga uji, uingie kwenye chupa ukiwa unachemka. Kisha uongee na wazazi wenzako watatu au wanne mkamwone mwenye kituo kuhusu kitafunwa cha pamoja. Akisikia kwa wengi hukubali haraka.

*Mtoto amekonda, au kliniki wamesema uzito haupandi.* Huyu anahitaji nishati na protini kwa pamoja. Uji wenye siagi ya karanga au maziwa, parachichi, yai. Tunda peke yake halitamtosha, na biskuti itampa nishati bila vitu vya kujengea mwili. Fuata alichoagiza mtaalamu wa lishe wa kliniki, na mlezi aambiwe.

*Mtoto anatoka homa na hataki kitu.* Mpe anachokubali kwa siku hizo, ikiwemo biskuti iliyolowekwa kwenye maziwa. Akipona, mrudishe kwenye ratiba ya wenzake.

*Safari ya watoto, siku ya mvua kubwa, gesi imekatika.* Biskuti na ndizi. Hizi ndizo siku zake.

*Siku ya kuzaliwa.* Keki na biskuti ziliwe, watoto wafurahi. Kwenye kituo cha watoto ishirini hizo ni siku ishirini kwa mwaka. Wengine huzikusanya ziwe sherehe moja kila mwezi, na wazazi wasio na uwezo wanapumua.

*Watoto wa miezi sita hadi kumi na mbili.* Biskuti zisiwe sehemu ya chakula chao. Miongozo ya sasa ya Shirika la Afya Duniani inataka vyakula vyenye sukari nyingi viepukwe hadi umri wa miaka miwili. Wapewe maziwa ya mama aliyokamua, uji mzito usio na sukari, papai au parachichi lililopondwa, kiini cha yai kilicholainishwa, kiazi kilichosagwa. Asali wasipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata kidogo cha kutamuisha uji. Wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu.

*Kuna mtoto mwenye mzio.* Kama ni wa karanga, uji wa kituo kizima upikwe bila karanga, usitegemee sufuria mbili na mwiko mmoja. Kama ni wa maziwa au ngano, biskuti zote zitoke, pamoja na zile za kopo la akiba, na ndizi ichukue nafasi yake. Jina la mtoto na anachokatazwa viandikwe kwa kalamu nene jikoni, juu ya jiko, ili hata dada wa zamu aliyeanza kazi jana akione kabla hajachota.